Dakika Kumi na Tisa za Élie

Siku waliyoniaga kazini, mtu wa ofisi alisimama mbele ya keki na kreti mbili za soda akasoma karatasi. Alisoma kwamba katika miaka yote niliyotunza gesi, kampuni haikupata ajali hata moja ndani ya maji. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitazama keki. Huyo aliyesoma sina neno naye, alisoma alichopewa. Lakini waliomwandikia wanajua ukweli, nami nimechoka kunyamaza kwa heshima. Wazazi wangu waliniita Vumilia. Ni kosa pekee walilonifanyia.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki kwenye ghala la gesi pale Himbi. Vyeo na mishahara nitaviruka, havijawahi kumsaidia mtu kupumua.

Nilizaliwa katika milima ya Masisi, kwenye familia ya ng'ombe na viazi, na hadi leo sijui kuogelea. Wageni hucheka wakisikia hivyo. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi katika chumba cha oksijeni cha hospitali moja hapa Goma, nikajua kufunga chupa, kuifungua na kusoma saa yake ya presha. Kampuni ilikuwa ya kazi za chini ya maji: kuinua mashua zilizozama ziwani, kusafisha midomo ya mabomba ya maji ya mji, na baadaye kufunga mabomba ya wale wanaovuta gesi kutoka vilindini mwa Kivu. Walihitaji mtu wa kukaa juu na chupa. Sikuhitaji kujua kuogelea ili kukaa juu.

Siku ya kwanza nilifika nimetoka kula sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa hapa kwetu, kwenye kipande cha gazeti. Nikanyoosha mkono nishike bomba la chupa ya oksijeni. Mzee mmoja mfupi, mpana kama kabati, akanipiga kofi kwenye kiganja.

"Umekula nini?"

"Sambaza, muzee."

"Enda unawe. Na sabuni. Mpaka kwa kiwiko."

Nikanawa. Akanusa mikono yangu kama anayenunua nyama, akanirudisha tena kwenye bomba la maji. Mara ya tatu ndipo akaniambia sababu: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inawaka yenyewe, bila kiberiti, na bomba la chupa linageuka mwenge mkononi mwako. Hospitali walikuwa hawajanieleza hivyo. Hospitali walikuwa wameniambia tu nisivute sigara.

Huyo ndiye Muzee Mabiala. Alijifunza kuzamia bandarini Matadi, akaletwa Goma kwa kazi ya miezi mitatu, akabaki mpaka akazeeka. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na maji, kwa hiyo aliongea kwa kupiga kelele, na kwa hiyo watu walidhani ana hasira kila saa. Hawakukosea sana. Kila nilichokijua katika kazi hii nilikipata kwake, na sehemu kubwa niliipata nikipigiwa kelele.

Alianza na kitabu cha majedwali, kile kinachoonyesha mzamiaji aliyekaa kina fulani kwa dakika kadhaa anatakiwa apande vipi. Akanifungulia ukurasa, kisha akaufunika kwa kiganja.

"Hii iliandikwa na batu ba kando ya bahari," akasema. "Siye tuko wapi?"

"Goma."

"Goma iko juu. Mita elfu moja na mia ine na zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi. Mutu akitoka chini ya maji hapa, ni kama ametoka na kuendelea kupanda mulima. Kwa hiyo kina utakachosoma hapa, uongeze."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mita arobaini na nane za Kivu husomwa kwenye jedwali kama hamsini na saba. Mzamiaji akiwa chini, hewa anayoipumua inaingia kwenye damu na nyama kwa wingi usio wa kawaida. Akipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu, bila fujo. Akipanda haraka inatoka kwa mapovu, na mapovu hayachagui mahali. Yanaweza kukaa kwenye goti, ukalia wiki nzima. Yanaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, ukaacha kutembea. Ndiyo maana kuna paliye, vituo vya kungoja njiani. Na katika kituo cha mita sita tunampa oksijeni tupu, ambayo inaisukuma nje ile hewa iliyobaki mwilini upesi kuliko kitu kingine chochote.

Lakini oksijeni hiyohiyo ukiipumua chini zaidi ni sumu. Midomo inaanza kucheza, masikio yanavuma, macho yanaona kama kupitia bomba, halafu mtu anashikwa na kifafa, detanderi ya kupumulia inatoka mdomoni, anakunywa ziwa. Kwa sababu hiyo Muzee Mabiala hakukubali kamwe mzamiaji aende chini na chupa ya oksijeni tupu. Chupa ilikaa juu, kwenye baji, ile tishari yetu bapa ya kazi, na mpira mrefu wa kijani uliteremshwa mpaka mita sita na kusimama hapo. Mgongoni mzamiaji alibeba hewa ya kawaida, na ubavuni chupa moja ya mchanganyiko, nusu yake oksijeni, isiyoguswa mpaka amepanda hadi mita kumi na nane. Kila dakika ishirini za oksijeni, dakika tano za hewa, ili mwili upumzike. Nilikuwa na saa mbili, moja ya mkononi na moja ya kuning'inia shingoni, kwa sababu alisema saa moja ni uvumi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaribia kuua mtu. Asubuhi moja nilichukua chupa iliyobandikwa plasta yenye neno HEWA kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikamfungia mzamiaji mgongoni. Mwandiko ulikuwa wa jana. Jioni mtu mwingine alikuwa ameijaza mchanganyiko bila kubadilisha plasta. Muzee Mabiala akaja na kile kisanduku chake cha kupimia oksijeni, akakiwasha kwanza kwenye hewa ya ufukweni mpaka kikasoma ishirini na moja, kisha akakiweka kwenye chupa. Kikasoma arobaini na tisa. Mtu yule alikuwa anakwenda mita arobaini.

Sikupigiwa kelele siku hiyo. Alinishika bega, akasema polepole, sauti ambayo sikujua anayo: "Plasta haisemi chupa iko na nini. Inasema tu mutu aliandika nini."

Tangu siku hiyo nilipima kila chupa asubuhi ya kazi, mbele ya macho ya yule atakayeipumua, naye akaandika namba kwa mkono wake. Kuna waliosema ninawachelewesha. Ni kweli niliwachelewesha. Wote wako hai.

Muzee Mabiala alipostaafu na kurudi Matadi, aliniachia kisanduku, kitabu na namba yake ya simu. Kazi ya gesi na saa ikawa yangu. Sasa nifike pale ninapotaka kufika, maana nimeanza kuzunguka kama watu wa ofisi.

Élie alikuwa mzamiaji wetu bora. Mtu wa Rutshuru, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuimba wimbo wa kwaya puani akivaa vifaa. Mke wake, Mama Gisèle, alikuwa anauza vitambaa sokoni Birere. Walikuwa na watoto watatu. Kazi ya siku ile ilikuwa kubadilisha boliti za kiungo cha bomba la gesi, mita arobaini na nane chini ya baji yetu. Tulipanga akae chini dakika ishirini na tano. Boliti moja ilikuwa imeshikana na kutu, akakaa thelathini na moja. Hilo hutokea. Nikafungua ukurasa wa dakika thelathini na tano, kwa sababu dakika zikizidi unakwenda mstari wa mbele, hurudi nyuma, nikaandika ratiba mpya na kumteremshia kwenye ubao. Kituo cha mita sita peke yake: dakika arobaini na tano za oksijeni. Akajibu kwa kamba: mvuto mmoja, nimeelewa.

Directeur, mkuu wa kampuni hapa Goma, alikuwa amekuja na wageni wanne kutoka kwa wenye mradi, watu wenye viatu visivyofaa bajini. Tangu asubuhi walikuwa wameahidiwa kupiga picha na mzamiaji, kisha kupandishwa gari hadi Rumangabo, kwenye makao makuu ya mbuga, kula chakula cha mchana. Wakawa wanatazama mapovu yanayotoka majini, halafu wakawa wanatazama simu zao.

Directeur akanijia.

"Mama Vumi, huyu mutu anafanya nini kule? Kazi si iliisha?"

"Iliisha, Directeur. Yuko mita sita, anapumua oksijeni. Imebaki dakika kumi na tisa."

"Hapa juu hakuna hewa?"

Wageni wakacheka. Nami nikatabasamu. Naandika hili kwa aibu: nilitabasamu.

"Akitoka sasa anaweza kulemaa," nikasema.

"Mumeshasema hivyo kila mara. Miye sijaona hata mumoja aliyelemazwa na dakika."

"Hujaona kwa sababu tunazingoja."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia kiti kilichoongea. Kisha akanipita, akaishika kamba ya ishara, akaivuta mara nne. Mivuto minne maana yake panda sasa; ikija kabla ya muda, kuna hatari. Mzamiaji aliyefunzwa vizuri haulizi. Élie alikuwa amefunzwa vizuri.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile kamba. Mkono mmoja ulikuwa na daftari, mwingine kalamu. Ningeweza kuviangusha. Nimezipima hatua hizo mbili usingizini miaka mingi, na kila mara ninazivuka kwa wakati. Siku ile sikuzivuka.

Élie akatokea juu, macho yake yakitafuta moto au chombo kinachozama. Akaona watu wenye simu mkononi.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Rudi chini. Rudi sasa hivi, mita sita, tuna dakika tano."

Hiyo ni kweli: akiwa hana dalili, ukimrudisha ndani ya dakika tano bado unaweza kuiokoa hesabu. Lakini Directeur alikuwa ameshamnyooshea mkono na kumvuta juu ya baji. Wageni wakamzunguka. Picha ya kwanza, picha ya pili, mmoja akataka ashike kofia ya kupigia mbizi, mwingine akafumba macho ikabidi warudie. Nilikuwa natazama saa. Dakika tano zikaisha wakati mgeni mmoja anatafuta upande wenye mwanga mzuri.

Nikamkalisha Élie, nikamwekea maski ya oksijeni usoni. Nilitaka akae nayo saa mbili, alale chali, anywe maji, asiende popote. Baada ya robo saa Directeur akasema magari yanangoja, na Élie atakwenda nao Rumangabo kuwaeleza wageni kazi ya chini ya maji.

Hapo nilipaza sauti. Nilisema hata mzamiaji aliyemaliza vituo vyake vyote haruhusiwi kupanda mlima siku ileile, na barabara ya Rumangabo inapita Kibumba, ambako ni juu kuliko Goma kwa mamia ya mita. Nilisema mapovu yaliyolala yataamka huko. Directeur akasema tunakwenda kwa gari, hatupandi ndege.

Nikamgeukia Élie. "Kataa."

Akavua maski taratibu. "Mama, nikikataa mbele ya bageni, kesho ataita mwingine."

"Na ukikubali?"

"Sijisikii vibaya. Kweli."

Akaingia gari la pili. Hakuwa akiimba.

Simu ililia kabla ya saa nane mchana. Alikuwa yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa tulivu sana, jambo lililonitisha zaidi.

"Mama Vumi, pale Kibumba miguu ilianza kuwasha kama imekanyaga siafu. Sasa tumefika. Wote wameshuka. Miye siwezi kushuka."

"Huwezi vipi?"

"Niko naiambia miguu ishuke. Haisikii."

Nikapakia chupa mbili za oksijeni, maski, na kisanduku cha kupimia kwenye pikapu ya kampuni. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Njiani nikampigia Muzee Mabiala Matadi, nikawa napiga kelele ili anisikie, dereva akidhani tunagombana.

"Nimurudishe ndani ya maji?" nikamuuliza, maana kuna wanaofanya hivyo.

"Hapana! Mutu asiyesikia miguu utamuzamisha. Oksijeni, alale, maji ya kunywa. Na usimupitishe tena kwa ule mulima bila maski. Unasikia? Kile kilima kiko katikati yake na nyumbani."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Élie alikuwa amevushwa ng'ambo ya Kibumba, na njia ya kurudi Goma ilikuwa lazima ipande kwanza mahali palepale palipomvunja.

Nilimkuta amelazwa kitandani katika chumba cha wagonjwa, na muuguzi mmoja mpole alikuwa amemwekea mpira wa mkojo kwa sababu hata hilo mwili ulikuwa umesahau. Wageni walikuwa wamekula. Directeur alikuwa ukumbini akiwaambia kwamba kijana ana uchovu. Nilifunga maski, nikafungua chupa taratibu, nikaanza kuhesabu kama ambavyo ningehesabu kule mita sita: ishirini za oksijeni, tano za hewa, ishirini tena. Kila mzunguko ulipoisha nilichoma vidole vyake vya miguu kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Hapana."

Mzunguko wa sita, mguu wa kulia ukaruka. Élie akalia, na muuguzi akalia. Mimi nikaandika saa kwenye daftari. Mguu wa kushoto nilikuwa ninauchoma bado wakati chupa ya kwanza inaisha.

Tulimvusha Kibumba asubuhi iliyofuata, akiwa chali nyuma ya pikapu na maski usoni, mimi nimeishikilia chupa kati ya magoti. Kinachotakiwa kwa ugonjwa huu ni chumba cha chuma kinachomrudishia mtu presha ya chini ya maji huku akipumua oksijeni. Hapa kwetu hakuna. Tulichokuwa tumesikia kiko Mombasa. Daktari wa Goma aliandika karatasi siku ileile: apelekwe haraka, kwa ndege inayoruka chini au yenye presha nzuri. Ofisi ikajibu kwamba suala linafikiriwa. Lilifikiriwa siku sita. Siku ya saba daktari aliniambia kwamba sasa kumpeleka kungekuwa na faida ndogo, akaniomba msamaha, mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Wenye kosa hawajaniomba hata leo.

Baada ya mwezi niliitwa ofisini. Ripoti ilikuwa tayari mezani. Ilisema mzamiaji alipanda kwa hiari yake kabla ya muda, na kwamba ugonjwa ulimpata barabarani, nje ya mahali pa kazi. Mnaona jinsi walivyoyapanga maneno. Ndani ya maji hapakuwa na ajali.

"Weka sahihi hapa," Directeur akasema.

"Alipanda kwa ishara ya mara nne. Nani aliivuta?"

"Mama Vumi, umefanya kazi na siye miaka mingi. Usijiharibie."

"Nimeandika saa na jina kwenye daftari."

"Lilete hilo daftari."

Nililipeleka, baada ya kupita Birere na kutoa kopi ya kila ukurasa kwa bibi mmoja mwenye mashine na jenereta, aliyeniuliza kama ninasomea udaktari. Lile daftari la kwanza sikuliona tena. Kopi nilizipeleka kwa mkaguzi wa kazi. Alizisoma zote, akatikisa kichwa, akaziweka kwenye droo. Nilikwenda kuuliza mara nne. Mara ya nne alikuwa amehamishwa, na droo ilikuwa imefungwa, na ufunguo haukujulikana uko kwa nani.

Ndipo nikawakusanya wazamiaji, watano waliobaki. Sina kipaji cha hotuba. Niliwasomea kopi, dakika kwa dakika, kuanzia Élie anaingia majini hadi mguu wa kushoto ulioshindwa kuruka. Nikasema nimekosa kwa kutoishika ile kamba, na kwamba kuanzia siku hiyo mimi sifungui chupa hata moja mpaka iandikwe kwamba kamba inashikwa na mwenye saa peke yake, na mzamiaji akitoka majini anakaa Goma siku nzima.

"Na bakikufukuza?" mmoja akauliza.

"Basi watatafuta mwingine wa kuwapa gesi. Ninyi mtakubali kuipumua?"

Kesho yake hakuna aliyevaa vifaa. Siku tisa baji ilikaa bila mtu chini yake. Directeur alitishia, akabembeleza, akaleta mzamiaji kutoka nje, ambaye aliuliza ni nani alipima chupa na aliposikia hakuna, akarudi kwao. Siku ya kumi fundi akaja na rangi nyekundu, akaandika sheria zote mbili kwenye ukuta wa baji kwa herufi za urefu wa mkono. Aliandika vibaya neno moja. Sikumruhusu alifute, niliogopa wangebadili mawazo kabla rangi haijakauka.

Directeur baadaye alipandishwa cheo, akahamia Kinshasa. Nilisema nitaviruka vyeo, lakini hicho kilinikwama kooni.

Kwa Mama Gisèle nilichelewa kwenda. Nilipokwenda, nilianza kulia mlangoni kabla ya kusalimia. Alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Machozi nimepata mengi," akasema. "Ofisi wameniambia bwana yangu alipanda mwenyewe, kwa kiburi. Wanasema hivyo hata kwa kanisa. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Basi useme hivyo. Kwa sauti, mahali batu bako."

Jumapili ile nilisimama kanisani kwao baada ya matangazo, mbele ya majirani zake wote na wafanyakazi wawili wa ofisi yetu, nikasema nani aliivuta kamba. Élie alikuwa benchi la mbele, fimbo mbili pembeni. Sikupata barua yoyote ya onyo. Nadhani waliogopa kuyaandika.

Leo Élie anatembea kwa fimbo moja, mguu wa kushoto anaukokota, na mambo mengine ya mwili wake si ya kuandikwa hapa. Sikubali mtu aniambie ni bahati. Mimi najua ilibaki dakika ngapi.

Nimalizie na mwezi wangu wa mwisho kazini, maana hasira nayo inahitaji kupumzishwa kidogo kama mapafu.

Trésor ni mzamiaji mpya, ana mke na hana subira. Alikuwa mita sita, ametoka kazi ya kina cha arobaini na mbili, mvua ilikuwa imeanza na ziwa lilikuwa linatikisa baji. Ubao wake ukapanda na maandishi: BARIDI. NATOKA. Nikaandika chini yake: DAKIKA 12, nikauteremsha. Ukapanda tena: MAMA TAFADHALI. Nikaandika: 11. Mara ya tatu ulipanda na neno ambalo mke wake hajui kwamba analijua. Nikaandika: 9, nikachora maua.

Mkuu mpya wa kazi alikuwa chini ya turubai, mvua ikimlowesha viatu. Akatazama saa yake, akatazama kamba mkononi mwangu, akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Dakika zilipokwisha nilivuta mara nne. Trésor akatoka anatetemeka, midomo ya kijivu, akanirushia glavu miguuni.

"Mama Vumi, una roho mubaya! Unasikia? Mubaya kabisa!"

"Kaa, unywe chai. Na leo hupandi Masisi."

Hakutaka chai yangu. Alichukua mfuko wake, akaruka kutoka bajini hadi ufukweni, akapanda ngazi za mawe za Himbi akinitukana, mbili kwa mara moja, mbili kwa mara moja, mpaka juu. Nilisimama mvuani nikaitazama ile miguu hadi ilipopotea.